Unachagua kilo, inaingia bei: bloku zetu za korosho na mstari wa tatu

Mkuu, pole kwanza. Umesema unachagua kitu kwenye orodha ya bloku kinaingia kingine, umeifuta programu na kuiweka upya mara mbili, na sasa umeanza kujishuku mwenyewe. Usiiweke mara ya tatu, utamaliza bando bure. Yalinikuta haya haya hapa Mtwara, na aibu yake bado ninayo.

Jioni huwa nafundisha vijana wa sekondari kwenye chumba kimoja Chikongola, kompyuta sita za mtumba. Tunatumia programu ya kujifunzia kuandika programu kwa bloku, yaani vipande vya amri vya kuburuta na kupachika. Siyo Scratch ya MIT, ile iliyotoka mwaka 2007, msije mkaisingizia. Ni nyingine ya ukoo huo, jina naliacha. Ulikuwa msimu wa korosho, nikawapa kazi ya mizani: vigeu vinne (visanduku vya kutunzia thamani), yaani jina, daraja, kilo na bei, halafu programu itangaze malipo ya mkulima. Bei tuliweka 3,300 kwa kilo, ile serikali iliyoitangaza mwaka 2018, maana huku hakuna nyumba isiyokuwa na hadithi yake. Gunia la kilo 80 lilitakiwa kutoa 264,000.

La dogo mmoja likatoa 10,890,000. Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakasema korosho zao wanazipeleka kwake. Nikatazama bloku yake: bei mara bei, badala ya kilo mara bei. Nikamwambia, "Angalia unapobofya." Akarekebisha, ikarudi bei. Nikamwambia apunguze pupa. Kesho yake hivyo hivyo, nami nikazidi kumkaripia. Siku ya tatu akaniambia taratibu, "Ticha, naomba ukae wewe." Nikakaa. Nikafungua orodha, nikapeleka mshale kwenye kilo, kilo ikawaka rangi, nikabofya. Ikaingia bei.

Sikuwa na la kusema. Ni kwamba bloku tunazipenda kwa sababu mtoto hawezi kukosea tahajia wala kusahau mabano, kwa hiyo kosa likitokea unamtazama mtoto. Mimi sikufikiria hata mara moja kwamba orodha yenyewe inaweza kudanganya. Tena kwenye mashine yangu na zile nyingine tano ilikuwa inafanya kazi safi kabisa, na huo ndio ulikuwa ushahidi wangu dhidi yake!

Baada ya kuwaruhusu vijana nikabaki na ile mashine. Kosa nililofanya mwanzo ni kubadili vitu vitatu kwa mpigo: mausi nyingine, faili jipya, kuwasha upya. Hapo hata likipona hujui dawa ilikuwa ipi. Nikaanza upya, kimoja kimoja. Mausi haikuwa na kesi. Faili jipya, tatizo lipo. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, nikakuta ukubwa wa maandishi na vitu uko asilimia 125. Kuna mtu aliukuza kwa sababu kioo ni kidogo, 1366 kwa 768, herufi zilimtesa. Nikarudisha 100, nikafunga programu na kuifungua: kilo ikaingia kilo. Nikapandisha 150, sasa hata mstari wa pili ukateleza, nachagua daraja inaingia kilo.

Hiyo 150 ndiyo iliyonifumbua macho. Kila mstari wa orodha nilipima una kimo cha nukta 24 za skrini (pikseli). Katikati ya mstari wa tatu ni nukta ya 60. Zidisha kwa 1.25 unapata 75, na 75 iko ndani ya mstari wa nne. Mstari wa pili ni 36: kwa 1.25 ni 45, bado uko salama, ila kwa 1.5 ni 54, umeshavuka. Kwa maneno mengine, sehemu inayochora orodha inahesabu kwa kipimo kimoja, na sehemu inayopokea mbofyo inahesabu kwa kingine. Ndiyo maana kazi zetu za mwanzo, za vigeu viwili tu, hazikuonyesha kitu. Na bei, kwa kuwa ndiyo ya mwisho, ukiibofya inabaki bei, haina pa kutelezea.

Kuripoti nako nilianza vibaya. Barua ya kwanza kwa watengenezaji wa programu niliandika kama mtu anayedai deni, haikujibiwa, na sasa nawaelewa. Ya pili niliweka namba ya toleo, ukubwa wa kioo, ile asilimia, na programu ya vigeu vinne vitupu bila korosho wala mkulima. Wakaomba picha ya skrini, nikawatumia. Toleo lililofuata lilikuja limerekebishwa, tukalibeba kwenye flashi.

Wakati tunasubiri, vijana walikuwa wanafungua orodha kwa mausi, wanashuka kwa mishale ya kibodi, halafu Enter. Hiyo haikosei kamwe. Yule dogo nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema zile milioni kumi apewe basi.

Sasa wewe angalia mipangilio ya skrini yako, iko asilimia ngapi? Tengeneza vigeu vinne, bofya cha tatu. Kikiingia cha nne, ugonjwa ni huu huu. Kikiingia cha pili au cha kwanza, yako ni kasoro nyingine kabisa, weka picha na namba ya toleo tuitazame.