Muulize Mkunga: Nimejifungua mapacha kwa operesheni, nivae nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nina mapacha, Kulwa na Doto, nimejifungua kwa operesheni na sasa tuko wiki ya tatu. Mshono umefunga vizuri, lakini nguo zangu zote zinanitesa. Suruali za kulalia zinakaa juu ya kidonda, sketi hazifungi, na magauni yana zipu mgongoni, kwa hiyo nikitaka kunyonyesha lazima nivue yote. Mama mkwe amekuja kunilea na ananifunga kanga tumboni, anakaza mpaka pumzi inanipaa. Naogopa nikikataa atajisikia vibaya. Halafu baada ya arobaini tunawapeleka watoto kanisani. Nishone nini?
Mama Kulwa na Doto, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera sana kwa uzazi, na pole kwa kisu.

Tuanze na mshono, maana ndio utakaokuchagulia nguo. Operesheni nyingi za uzazi siku hizi mshono unalazwa chini kabisa ya tumbo, juu kidogo ya kinena. Hapo hapo ndipo mpira wa chupi za kawaida na wa suruali unapokaa. Ukiinama kumchukua mmoja na kuinuka kumfuata mwingine, mpira unasugua kidonda. Tafuta chupi za pamba zinazopanda mpaka kitovuni au kukipita kidogo, saizi moja au mbili juu ya ile uliyoizoea. Zitashika vizuri na pedi, kwa sababu damu ya uzazi inaweza kuendelea mpaka wiki ya sita. Usisubiri maumivu ndiyo yakwambie kwamba nguo inabana, kwani ngozi ya pale huwa na ganzi kwa muda, mishipa ya fahamu imeguswa na kisu. Jioni ukivua, simama mbele ya kioo utazame. Ukiona mpira umeacha mfereji kwenye ngozi karibu na mshono, nguo hiyo iweke kando kwa sasa.

Sketi za zamani nazo zisikuumize kichwa. Mji wa mimba huchukua kama wiki sita kurudi ulivyokuwa, na tumbo lililobeba wawili misuli yake ya katikati huachana sana. Inahitaji muda.

Kwa nyumbani, dera ndilo vazi lako, ila lifanyie kazi kidogo. Mpelekee fundi apasue kifua kwa wima, kulia na kushoto, kila mpasuo kama sentimita 25, aweke zipu zile za kufichika na kipande cha kitambaa nyuma yake, meno yasimkwaruze mtoto. Nasema pande zote mbili kwa sababu wewe una wawili. Ukitaka kuwanyonyesha pamoja, panga mito ubavuni, mlaze mmoja kila kwapa, miguu yao ielekee mgongoni kwako. Kwa mkao huo hakuna anayepiga teke mshono, lakini nguo inayofunguka upande mmoja haitakufaa kitu.

Pale soko la Mlango Mmoja, kwenye mitumba, tafuta pia mashati ya kiume ya pamba, mapana, yenye vifungo kutoka juu mpaka chini. Ni mazuri mno kwa kulalia. Mzazi hutoka jasho jingi usiku, na polista inalifungia mwilini, ndiyo maana nasisitiza pamba. Sidiria iwe laini, isiyo na waya. Ikibana, maziwa hutuama na titi huvimba. Kata kanga kuukuu vipande, vikunje, uweke ndani vinyonye maziwa, na uvibadilishe vikilowa.

Sasa mama mkwe. Usimkatalie mkaja, huko kufungwa kanga tumboni, mwanangu. Wazee wetu wanauthamini kiasi kwamba hata kwenye mahari mama wa binti ana fungu lake la mkaja, na mimi kama mkunga nimeona wanawake wengi waliopasuliwa wakipata nafuu wanapotembea au kukohoa tumbo likiwa limeshikiliwa. Tatizo ni kukaza. Mkaja uliokazwa kupita kiasi unasukuma uzito wote chini, kwenye misuli ya nyonga ambayo tayari imechoka.

Mwambie hivi: "Mama, nifunge, ila nesi amenielekeza namna." Kisha lala chali, ukunje magoti. Kanga iwe imefuliwa kwanza, maana mpya ina wanga unaokwaruza, ikaanikwa juani na kupigwa pasi. Ikunjeni kwa urefu. Aanzie chini, kwenye nyonga, ifunike mshono wote ili pindo lake lisiangukie juu ya kidonda, apande taratibu mpaka chini ya mbavu. Ncha aichomeke ubavuni, asipige fundo kwa mbele. Ukikaa, kiganja chako kipite kati ya kanga na tumbo, na uweze kuvuta pumzi ndefu. Usiku vua. Lakini kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono, hapo kataa kabisa, kwa upole lakini usiyumbe.

Ukiona pale pamekuwa pekundu na pa moto, panatoa usaha au harufu, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake. Hilo si la kungoja asubuhi, linaweza kuwa damu iliyoganda.

Ya kanisani nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo rahisi. Chukua kitenge, fundi akate gauni chini ya kifua, sio kiunoni, kisha liachie likimwagika mpaka chini. Vifungo viwe mbele, vishuke mpaka karibu na kitovu. Chagua maua mengi na rangi iliyokolea, maziwa yakivuja katikati ya ibada hayataonekana. Usipime sasa, nenda kwa fundi siku chache kabla, kwani mwili wako bado unabadilika, na umwombe aache upindo mpana ubavuni ili aweze kulipanua likibana.