Shamba la Kando ya Mto

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kwa nini lile shamba la kando ya mto, ng'ambo ya Bweni huku Pangani, ni la bei rahisi kuliko yaliyo juu, na hali maji yako mlangoni. Alhamdulillahi umeuliza kabla hujatoa pesa.

Maji yapo, ila si kila siku ni ya mto. Mto Pangani unatokana na maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu (si Ruvu ile ya Bagamoyo) inakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo mto unateremka Korogwe, Hale, hadi kwetu. Njia nzima wenzetu wanayachota kumwagilia, na mabwawa ya umeme yanayazuia. Sisi tuko mwisho kabisa. Mto ukikosa nguvu, bahari inapanda ndani.

Mwezi wa pili nilipita shamba la jirani yetu, unalijua, tulikokuwa tukipelekewa madafu ulipokuwa mdogo. Minazi imebaki magogo yaliyosimama, haina vichwa. Penye majaruba ya mpunga imeota mikoko, michanga, imefika magotini. Nilisimama pale nikalia, mwanangu, sikuficha. Mikoko ikiota shambani, ujue maji ya chumvi yamefika.

Muuzaji atakupeleka mwezi wa tano, masika imejaza mto, uone maji matamu na majani mabichi. Usikubali. Njoo mwisho wa kiangazi, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na ungoje maji yajae. Marehemu baba yako alikuwa akichimba shimo la kufika kiunoni, akakaa kando yake mpaka maji yachuruzike ndani, kisha akayaonja kwa kidole. Fanya hivyo pembe zote nne, si karibu na njia tu.

Mimi ningechukua huko juu, hata kama maji utabeba kwa baiskeli. Kikogwe ndiko ulikopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii, mwaka 1893, na babu yako aliukata miaka mingi. Udongo ule naujua. Muhogo unakubali, na korosho.

Nipigie kabla hujapanda basi, nimwombe mjomba wako atungoje kivukoni na jembe.

Mama yako