Mikono ipo kwenye usukani, akili je?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina leseni mwaka wa tisa huu na sijawahi kugonga hata ndoo. Simu naibandika kwenye dashibodi, naongea kwa spika, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Wiki iliyopita nikiwa katika maongezi, gari la mbele lilisimama, nikakanyaga breki tumebakiza shibiri moja. Ajabu ni kwamba nililiona tangu mbali! Mume wangu anasema niache kabisa kupokea simu nikiendesha, ingawa yeye ndiye anayenipigia kuliko wote, kuuliza nimefika wapi. Na je, gari likiwa limesimama kwenye taa nyekundu, kusoma ujumbe kuna ubaya gani?
Mama Pacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo maneno yako "nililiona tangu mbali" nimeyasoma mara tatu. Macho yalilifikia lile gari, ila akili ilikuwa kwenye simu, na mguu huwa unasubiri amri ya akili.

Yalinikuta na mimi. Nimeendesha malori miaka 31 kabla ya kuanza kufundisha udereva. Siku moja niliongea na mdogo wangu juu ya kugawana shamba la marehemu baba, visikio masikioni, mikono mahali pake. Tulipomaliza nikashtuka kwamba njia panda yenye taa nimekwisha kuipita, na hadi leo siwezi kukuapia kama taa ilikuwa nyekundu au ya kijani. Nilichokuwa nakiona wakati ule ni shamba: mpaka wake, na ule mti wa kona tuliokuwa tukiugombania.

Utaniuliza, mbona abiria tunaongea naye? Abiria naye anaiona barabara. Lori likichomoza, ananyamaza mwenyewe, au anakupigia kelele "angalia!" Aliyeko kwenye simu haoni kitu, anaendelea tu na habari zake, tena anataka jibu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali karibu mara 4 ya asiyeitumia, na kwamba kutoishika mkononi hakuleti nafuu kubwa.

Sasa twende kwenye hesabu, wanafunzi wangu huichukia. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde gari linakula mita 22. Tupia jicho kwenye kioo cha simu sekunde 2 tu, mita 44 zimekwenda. Ukirudisha macho ukaona hatari, mpaka mguu uiguse breki ni kama sekunde moja na nusu: mita 33 nyingine. Hapo ni mita 77 na gari bado halijaanza hata kupunguza mwendo!

Wala si simu peke yake. Chupa ya maji iliwahi kuniviringikia chini ya pedali ya breki, nikainama kuitoa. Nilipoinuka nilikuwa upande usio wangu. Na hao pacha wako wakianza kupigana kiti cha nyuma, usigeuke. Tafuta pa kuegesha, amua ugomvi, kisha uondoke.

Kuhusu taa nyekundu: ubaya upo, tena ni wa kimyakimya. Unasoma, wa nyuma anapiga honi, unashtuka na kuondoka kabla hujaangalia kama mvukaji amemaliza kuvuka. Halafu akili hairudi pale pale. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipima madereva waliokuwa wakiamuru vifaa kwa sauti, wakakuta usumbufu unaweza kubaki kichwani hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa mwendo mdogo tu wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300.

Kwa hiyo izime sauti kabla hujawasha gari, uiweke kwenye mkoba, na mkoba ukae nyuma usikofikia. Ukihitaji ramani, ipange ukiwa bado umeegesha. Mumeo yuko sahihi, lakini na yeye nina neno naye, msomee hapa: bwana, acha kumpigia mkeo kumuuliza amefika wapi. Akifika utamwona.