Kokoa yangu imepauka na ina uchachu, nimeuziwa feki?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi na chokoleti ya moto hatuachani, ila miaka yote nilikuwa natumia zile za kuchanganya ambazo sukari imo humohumo, sasa juzi nikasema ngoja ninunue kokoa asilia yenyewe. Kufungua kopo nakuta rangi imepauka, kahawia ya kwenda kwenye wekundu, kunywa ina uchachu kwa mbali, na nikimaliza kikombe kule chini limebaki tope. Ya rafiki yangu ni nyeusi tii na haina uchachu kabisa. Je nimepigwa? Na siku nyingine nichague kwa kuangalia nini?

JIBU: Hujapigwa mdogo wangu, hiyo ndo kokoa asilia ilivyo. Punje za kakao zinavundikwa, zinakaushwa, zinakaangwa, zinasagwa mpaka ziwe uji mzito, halafu unakamuliwa mafuta, na kile kikavu kinachobaki kinasagwa ndo unga wako. Mashine ya kukamua hivyo ilipata hataza Uholanzi mwaka 1828, ya familia ya Van Houten, na ni haohao walioleta mtindo wa kutia alkali, yani vitu vya jamii ya magadi, ili kuua ule uchachu. Ukitia alkali rangi inakolea na ladha inapoa, kwaiyo ya rafiki yako karibu hakika ni hiyo. Si mbaya, wengi wanaipenda, ila mi naona inapoteza ile harufu ya matunda inayokupokea ukisogeza kikombe puani, na hata vile virutubisho vya flavanoli vinavyosifiwa kwenye kakao hupungua sana. Kwaiyo weusi usikudanganye.

Ukienda kununua geuza kopo nyuma usome maandishi madogo. Viungo viwe kimoja tu, kakao, basi. Ukiona sukari imetajwa ya kwanza ujue humo sukari ndo nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ukiona neno alkali, au Dutch (yani ya Kiholanzi, ile iliyotiwa alkali), au namba kama E501 ambayo ni alkali hiyohiyo kwa namba, hiyo si asilia hata kama mbele wamechora majani mabichi.

Kitu cha pili ni mafuta, na hapa nakuomba utulie maana watu wengi wanaparuka. Kokoa nyingi zina mafuta gramu 10 mpaka 12 kwa kila gramu 100, hizo nzuri kwa keki, lakini kwenye kikombe zinakuwa nyepesi, kama maji ya rangi. Tafuta yenye 20 mpaka 24, ndo inayokupa ule uzito wa kulainisha ulimi, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya ikishuka chini ya asilimia 20 lazima waandike kwamba mafuta yamepunguzwa. Kama wameandika kwa kijiko cha gramu 5, gramu 1 ya mafuta maana yake ni asilimia 20, nusu gramu ni asilimia 10.

Ukishafungua, chukua kidogo usugue kati ya vidole. Nzuri inakuwa laini kama poda na inaganda kidogo kwenye ngozi, ukihisi kama mchanga hiyo haikusagwa vizuri. Nusa pia. Harufu ya moshi mara nyingi inatokana na punje kukaushiwa kwenye moto wa kuni, na ya ukungu ni punje zilizokaa na unyevu, hiyo usiinywe kabisa.

Sasa lile tope. Kokoa haiyeyuki kama sukari, chembe zake zinaelea tu kwenye maziwa, ukiacha kikombe kitulie zinazama, kwaiyo tope si dalili ya feki. Weka vijiko viwili vya chakula vya kokoa, sukari yako na chumvi kidogo sana, tia maji moto kidogo tu, vijiko vitatu hivi, ukoroge mpaka upate rojo linalong'aa lisilo na hata bonge moja, ndo umimine maziwa ya moto kidogokidogo huku unakoroga, kama ml 250. Irudishe jikoni dakika mbili tatu moto mdogo, itashika vizuri, na ule uchachu ukikutana na maziwa na sukari utaona umegeuka utamu fulani hivi wa matunda. Na kopo lifunge kabisa, weka mbali na viungo vya pilau na kahawa, kokoa inavuta harufu haraka sana.