Kuuza mafuta ya bangi ya viwandani katika duka la dawa

Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la dawa Darajani laweza kuuza mafuta ya bangi ya viwandani anayokuletea jamaa yako kutoka Marekani, kwa kuwa huko ni halali. Sheria yao ya mwaka 2018 iliruhusu bangi yenye THC (kemikali ya bangi inayolevya) isiyozidi asilimia 0.3, ilhali kwetu Zanzibar bangi ni marufuku, na dawa zinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa. Lakini chupa yenyewe ndiyo inayonitia hofu zaidi: lebo hutaja miligramu za CBD (kemikali ya bangi isiyolevya, ambayo wengine huitumia kwa kifafa), na bila ya cheti cha maabara huwezi kujua unampa nini mgonjwa wa kifafa, ambaye akitumia pia klobazamu, dawa ya kifafa, huweza kuzidiwa na usingizi. Tafadhali usiyauze, waandikie Wakala kwanza.