Roboti hapulizi chai

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: mchoraji wa katuni akifariki, je, ni haki watu wengine kuwaendeleza mashujaa wake? Mkatoa mfano wa Ubelgiji: Tintin, mwanahabari kijana ambaye mchoraji wake, Hergé, hakutaka aendelezwe na mtu mwingine, na Blake na Mortimer, kapteni na rafiki yake profesa, ambao wanaendelea hadi leo bila Edgar P. Jacobs aliyewabuni.

Nilikaa kuandika nikiwa na jibu la neno moja: hapana. Hergé alifariki Machi 1983 akiacha michoro ya awali ya Tintin et l'Alph-Art, hadithi ambayo hakuimaliza. Bob de Moor, msaidizi wake wa miaka mingi, alitamani kuimalizia. Mwishowe ikachapishwa mwaka 1986 vilevile ilivyoachwa, na inakatika ukurasa wa 42, Tintin akiongozwa kwa bunduki kwenda kugeuzwa sanamu. Mwenye nyumba amefunga mlango na ufunguo ameondoka nao. Sisi wengine ni nani tuvunje kitasa?

Lakini kinachonichoma mimi si haki ya mchoraji. Ni haki ya msomaji aliyeachwa njiani.

Nimekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Burundi. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Wabelgiji. Walipohama mwaka 1984 walimwachia katoni la vitabu, na ndani yake kulikuwa na sehemu ya kwanza ya Les 3 formules du professeur Satō, kitabu cha Blake na Mortimer kilichotoka 1977. Sehemu ya pili haikuwamo. Tuliamini imesahaulika kwenye kabati la wale Wabelgiji, na tulimsumbua baba mpaka akatukataza kuitaja mezani. Kumbe haikuwapo popote duniani. Jacobs alikuwa ameshaiandika hadithi yote, ila michoro ya sehemu ya pili hakuwa ameimaliza alipofariki Februari 1987.

Aliyemsoma Jacobs anajua alivyokuwa na maneno mengi. Mtu anafungua mlango, na juu ya picha kuna sentensi ndefu ya kukwambia kwamba anafungua mlango. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, ndiye peke yake pale uani aliyekimudu Kifaransa kile. Jioni tulikaa mkekani, watoto saba au wanane, naye akianza na lile dragoni linalokutana na ndege za kivita za Japani. Alisoma Kifaransa kimyakimya akatoa Kiswahili cha Buyenzi, na Mortimer akawa anaongea kama fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Tukifika ukurasa wa mwisho, kila mara mdogo wetu mmoja alilia.

Ndipo kaka akachukua daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki, kalamu ya bluu na ya nyekundu, akaanza kuchora sehemu ya pili mwenyewe. Katika daftari lile maadui wametengeneza roboti mwenye sura ya Mortimer, na Mortimer wawili wameketi mbele ya Blake. Yupi ni yupi? Blake anaagiza chai. Inakuja inafuka. Mmoja anaipuliza, mwingine anaimimina kooni hivyohivyo. Blake anachomoa bastola.

Mvuke wa chai ile ulimsumbua kwa siku nyingi. Alichora, akakata, akachora tena pembeni. Akamwomba mama achemshe maji ili atazame mvuke unavyopanda, mama akasema makaa hayachomwi kwa ajili ya picha. Basi akawa anaamka mapema kusubiri chai ya asubuhi, daftari gotini, sisi tunakunywa yeye anatazama. Alipoupata, ilikuwa mistari mitatu tu myembamba inayopindana, na ukiitazama unahisi joto usoni. Alitukusanya wote tuione.

Alifikisha kurasa kumi na moja. Mwaka 1988 malaria ikamchukua, ana miaka kumi na minane. Sehemu ya pili ilitoka 1990, aliyeichora akiwa huyohuyo Bob de Moor. Daftari lilipotea mwaka 1993, tulipokimbilia Kigoma.

Kitabu chenyewe nilikishika mara ya kwanza mwaka 2002, katika duka la vitabu vilivyotumika, boulevard Lemonnier, Brussels. Jina lake ni Mortimer contre Mortimer. Nilikisoma nimesimama. Ndevu zipo, makoti yapo, lakini nyuso hazikuwa zile nilizozizoea, na hasira ikanipanda kama vile mtu kavaa nguo za marehemu wangu. Nikapekua hadi mwisho nikitafuta chai. Hamna chai. Nikakirudisha kwenye rafu, nikatoka, nikafika kona ya barabara, nikarudi kukinunua.

Nikiandika haya naona ile hapana yangu haisimami vizuri. Kaka alikuwa akimwendeleza Jacobs bila ruhusa ya mtu, na Jacobs yuko hai. Tena Jacobs mwenyewe alimsaidia Hergé miaka ya 1940 kuchora upya na kutia rangi vitabu vya mwanzo vya Tintin, kile cha Kongo kikiwamo. Hizo kurasa tunazosema ni za mkono mmoja zilipitia mikono kadhaa.

Tangu 1996 Blake na Mortimer wamekuwa na watunzi wapya, wakianza Jean Van Hamme na Ted Benoit. Najua pesa imo. Najua pia binti wa Franquin, mchoraji mwingine marehemu wa Ubelgiji, alipinga Gaston, mhusika wa baba yake, kurudishwa, na mwaka 2023 akarudishwa vilevile. Hilo silipendi hata sasa. Ila mwaka 2008 Yves Sente na André Juillard walimleta Mortimer Tanganyika, hadi Ngorongoro, katika Le Sanctuaire du Gondwana. Kwa Jacobs, mashujaa hawa Afrika yao ilikuwa Misri. Mimi sasa naishi Arusha. Nilikisoma usiku mmoja, na mara mbili nilijikuta nakitafsiri kwa sauti, kwa Kiswahili cha Buyenzi, chumbani niko peke yangu.

Kwa hiyo jibu langu: hadithi iliyokatika imaliziwe, hasa mwenyewe akiwa ameacha maandishi, kama Jacobs. Mpya ziandikwe iwapo mwenyewe hakukataza, na watoto wake wasikilizwe kabla ya mchapishaji. Aliyekataza aheshimiwe, na Hergé alikataza. Hata hivyo sheria ya Ubelgiji inalinda kazi miaka 70 baada ya kifo, maana yake Januari 2054 Tintin atakuwa huru. Nitakuwa na miaka themanini. Nimeshasema mlango ule usivunjwe, na siyafuti. Lakini akitokea mtu akauchora ukurasa wa 43, nikiwa hai, nitaununua.