Kwa nini hatoki akilini

Dada yangu, umeuliza kwa nini, miezi minane tangu yule kijana apande treni ya kwenda Tabora bila kukueleza kama uhusiano wenu umekwisha au unaendelea, bado unamfikiria hata ukiwa unaanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma.

Hukurogwa, wala moyo wako si dhaifu. Akili ya binadamu hung'ang'ania jambo lililokatizwa kuliko lililokamilika, naye alikuachia swali bila jibu. Ndiyo maana simu ikiita unaacha dagaa, unafuta magamba kwenye khanga na kukimbilia kutazama jina. Tena ujumbe mmoja wa "habari za siku" baada ya wiki tatu za ukimya hukufunga zaidi kuliko salamu za kila siku, kwa kuwa hujui utakuja lini mwingine. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalokuchosha hasa.

Kujilazimisha kumsahau hakutakusaidia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na dubu huyo akaendelea kuwajia. Kwa hiyo wazo likija, liache lipite, kisha urudi kwenye kazi iliyo mikononi mwako.

Mwulize waziwazi, mara moja tu, kama ana nia nawe. Asipojibu, uchukue ukimya huo kuwa jibu, ufute namba yake, na umweleze shangazi yako yote yaliyokusibu. Ikiwa usingizi na chakula vimekukimbia kwa wiki kadhaa, tafadhali nenda Hospitali ya Maweni ukaonane na daktari.